Mchora Katuni Aliyetembeza Michoro Yake

Katuni ya gazeti huishi siku moja. Asubuhi hununuliwa pamoja na habari za vita na bei za nafaka, mchana hupitishwa mkono kwa mkono, na jioni hufungiwa karanga. Mchoraji wake hulijua jambo hilo kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo huchora upesi, hutia sahihi yake pembeni, akaanza kuwaza ya kesho. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwapo wachoraji wachache wa aina hiyo ambao hawakuridhika kuona kiumbe wao ameinua mguu katika kisanduku kimoja asiushushe ila katika kisanduku cha pili. Walitaka mguu ushuke mbele ya macho ya watu. Kutokana na tamaa yao ilikua sanaa ambayo siku hizi huitwa uhuishaji, na ambayo watu wengi huijua kwa jina jepesi la katuni za sinema.

Si ajabu kwamba watu hao walitoka magazetini. Mchora picha ya ukutani hushika dakika moja akaifunga milele. Mchora hadithi za picha hushika wakati wenyewe: hana budi kuamua kisanduku hiki kiishie wapi na kile kianzie wapi, na jambo gani lililo katikati aachiwe msomaji alijaze kwa fikira zake. Mtu awezaye kugawanya kuanguka kwa mtoto kutoka kitandani katika visanduku sita yu karibu kuweza kukugawanya katika picha sitini. Kinachobaki ni subira, na subira ni kitu ambacho magazeti hayana.

Huko Paris, Émile Cohl, mchora vikaragosi aliyekuwa amekwisha kutimiza miaka 51, alionyesha Fantasmagorie tarehe 17 Agosti 1908. Ilikuwa na michoro kama 700 na haikufika dakika mbili. Cohl anastahili insha yake mwenyewe, maana alimaliza maisha yake mwaka 1938 katika ufukara. Lakini mtu ambaye kazi hizi mbili, ya gazeti na ya sinema, zilimvuta huku na huku kwa nguvu zaidi alikuwa Mmarekani, Winsor McCay.

Mwaka wa kuzaliwa kwake una shaka. Hutajwa 1867, 1869 na hata 1871. Alilelewa Spring Lake, katika jimbo la Michigan. Baba yake alimpeleka chuo cha biashara mjini Ypsilanti apate kazi ya heshima, naye kijana akawa hutoroka darasani akipanda treni kwenda Detroit kuchora sura za watu kwa malipo madogo katika jumba la maajabu. Faida aliyoipata Ypsilanti haikutoka katika chuo hicho. Ilitoka kwa mwalimu mmoja, John Goodison, aliyemfundisha kwa faragha kanuni za kuonyesha umbali na ukubwa wa vitu katika mchoro. Baada ya hapo alichora matangazo ya sarakasi huko Chicago, kisha matangazo ya jumba jingine la maajabu huko Cincinnati, ambako waliwekwa mbele ya macho ya watu wanawake wenye ndevu na wanyama wenye vichwa viwili. Kutoka matangazo aliingia magazetini, na mwaka 1903 aliitwa New York kuchorea gazeti la Herald.

Tarehe 15 Oktoba 1905 ilitoka hadithi yake iliyompa jina, Little Nemo in Slumberland. Kila Jumapili mtoto Nemo alilala, akasafiri katika nchi ya usingizi, na katika kisanduku cha mwisho akaamka, aghalabu akiwa ameanguka sakafuni. Ukurasa wa tarehe 26 Julai 1908 unatosha kuonyesha mahali mchoraji huyu alipokuwa anaelekea. Kitanda cha Nemo kinaota miguu mirefu, kinatoka nyumbani, kinakwenda mjini kikiruka juu ya majumba, mpaka mguu unajikwaa kwenye mnara. Kutoka kisanduku hata kisanduku miguu inarefuka kwa kipimo, na visanduku vyenyewe vinarefuka pamoja nayo. Mtu akiutazama ukurasa huo sasa huona kwamba ni sinema iliyokosa mashine.

Mashine ilikuja nyumbani kwake kwa njia ya kitoto. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba mwanawe Robert alileta vile vijitabu ambavyo kurasa zake zikiachiliwa upesi kwa kidole gumba picha huonekana zikienda. McCay alikuwa amekwisha kuzoea kusimama mbele ya watu, kwa sababu tangu mwaka 1906 alikuwa akipanda jukwaani jioni, baada ya kazi ya gazeti, akichora kwa chaki kwenye ubao mweusi. Mchezo wake mmoja ulikuwa kuchora nyuso mbili, ya mwanamume na ya mwanamke, kisha kwa kufuta hapa na kuongeza pale akazizeesha kutoka utotoni mpaka ukongweni. Hivyo aliyajua mambo mawili ambayo wachoraji wengi hawakuyajua pamoja: namna ya kuugawanya mwendo, na namna watu wanavyonyamaza wakiona kitu kinageuka.

Filamu yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1911. Alichora michoro 4,000 kwa wino juu ya karatasi nyembamba za mchele, akaweka alama pembeni mwa kila karatasi ili moja isipishane na nyingine, akazibandika juu ya kadibodi zipigwe picha moja moja. Sinema ya siku zile ilipitisha picha kama 16 kwa sekunde. Msomaji akipiga hesabu ataona kwamba kazi yote hiyo ilipita kwa dakika nne na sekunde chache. Hapana hadithi ndani yake. Viumbe wa Nchi ya Usingizi wanatokea, wanarefuka na kufupika kama walio katika kioo kibovu, Nemo anamchora binti mfalme, joka linakuja na kiti kinywani, wanapanda wanakwenda zao. Sehemu kubwa ya filamu, kabla ya hapo, ni maigizo ya watu hai: McCay anawekeana dau na rafiki zake kwamba atafanya michoro iende, na miongoni mwa wanaomcheka yumo George McManus, mchora katuni mwenzake. Wanaletewa mapipa ya wino na marobota ya karatasi. Ni mzaha, lakini mzaha unaojua uzito wa mzigo.

Katika viumbe hao wanaorefuka na kufupika yumo mmoja ambaye msomaji wa Afrika hawezi kumpita kimya. Ni Impie, mtoto mweusi aliyevikwa majani kiunoni, aliyetiwa midomo mikubwa kupita uso, na ambaye magazetini alisemeshwa maneno yasiyo maana. McCay hakumwanza kwa Nemo. Mwaka 1903, akiwa Cincinnati, alichora mfululizo mzima wa vijitu vya msituni vya namna hiyo. Watetezi husema kwamba ndivyo walivyochora wote wa zama zake, nao husema kweli, maana magazeti ya wakati ule yalijaa picha hizo. Lakini jibu hilo halitoshi kwa mtu mwenye kipaji cha kutazama. Mwaka 1912 alitoa filamu ya mbu, mwenye kofia na mkoba, anayenoa mdomo wake kwenye jiwe kabla ya kumnyonya mlevi aliyelala. Na yeyote aliyewahi kukesha na mbu atakiri kwamba mruko ule, na namna anavyotua na kupima mahali, na jinsi tumbo linavyojaa hata likamwelemea, vimeangaliwa kwa makini ya mganga. Mbu alitazamwa. Mtoto wa Kiafrika hakutazamwa. Alinakiliwa kutoka katuni nyingine, nazo zilikuwa zimenakiliwa kutoka nyingine kabla yake.

Baadhi ya watazamaji wa filamu hizo mbili hawakuamini kwamba waliona michoro. Walidhani kuna watoto walio hai nyuma ya hila, au mbu wa bandia anayevutwa kwa waya. Kwa hiyo McCay alimtafuta mnyama ambaye hapana mtu angeweza kudai kwamba alifungwa kamba akapigwa picha, naye ni dinosaria. Watu wa New York walikuwa wamekwisha kuyajua mataya na mapaja ya wanyama hao, maana mifupa ya mmoja ilisimamishwa katika jumba la makumbusho la mji huo tangu mwaka 1905. Na kwa kuwa mifupa imetajwa, yafaa kukumbuka kwamba katika miaka ile ile, 1909 hata 1913, Wajerumani walikuwa wakichimbua mizimwi mingine ya jamaa hiyo hiyo katika kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi, na wapagazi wakaibeba vichwani kwa mwendo wa siku kadhaa mpaka bandarini, ikaenda Berlin. Mkuu wa wachimbaji hao, Boheti bin Amrani, alikuwa fundi wa mifupa kwelikweli, ijapokuwa si wengi waliokwenda kuitazama huko Berlin waliolijua jina lake.

Gertie, dinosaria jike wa McCay, alionyeshwa mara ya kwanza mjini Chicago tarehe 8 Februari 1914. Alisemekana kuwa na michoro 10,000. Kijana mmoja jirani, John Fitzsimmons, alipewa kazi ya kunakili mandhari: milima, ziwa, mti na mawe, katika kila karatasi, kwa sababu bado haikutumika njia ya kuichora mara moja tu na kuiacha chini ya viumbe wanaokwenda. Gertie mwenyewe alichorwa na McCay. Yasimuliwa kwamba alipotaka kujua mnyama mkubwa hivyo avute pumzi kwa muda gani, alishika saa akajipima pumzi zake mwenyewe.

Jambo la ajabu zaidi lilikuwa namna ya kuonyesha. McCay alisimama jukwaani kando ya pazia jeupe, mjeledi mkononi, kama mfunza wanyama wa sarakasi. Alimwita Gertie, naye akachungulia kutoka pangoni kwa haya, akatoka akila jiwe moja na mti mmoja njiani. Aliamriwa kuwasalimu watu akainama. Aliamriwa kuinua mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Alipokaidi aligombezwa, na alipogombezwa alilia machozi kama mtoto. Alirushiwa tofaa; tofaa la kweli lilifichwa kiganjani na la kuchorwa likatokea katika picha, likadakwa. Alimshika tembo wa kale kwa mkia akamtupa ziwani, kisha akanywa ziwa lote. Mwisho McCay aliaga, akapita nyuma ya pazia, na papo hapo McCay mdogo wa kuchorwa akatokea katika picha, akapandishwa mgongoni, wakaondoka pamoja.

Yafaa msomaji alitazame tendo hilo polepole. Gertie hakuwa mnyama wa kwanza kuchorwa akienda. Alikuwa pengine wa kwanza kuonekana anafikiri. Kabla ya kutii anasita. Akisha kutii anatazama upande kama anayengoja sifa. Na akiona nyoka wa baharini anasahau kabisa kwamba ameamriwa jambo. Mwendo wake wote unatoka ndani yake. Na mtu aliyempa tabia hiyo alisimama hapo hapo, sauti yake ikisikika, akitangulia picha kwa nukta moja tu, maana filamu haikungoja: akichelewa neno, Gertie angelia kabla ya kugombezwa.

Mchezo huo haukudumu. McCay alikuwa amehamia magazeti ya William Randolph Hearst tangu mwaka 1911, na Hearst, ambaye alimlipa vizuri, hakupenda mchoraji wake ajichoshe usiku kwa faida ya majukwaa. Safari zake za maonyesho zilipunguzwa. Mhariri Arthur Brisbane alikuwa amemwona kuwa mtu wa picha nzito, akamwondoa katika hadithi za kuchekesha na kumweka achore picha za kuandamana na tahariri: minara ya ulafi, mito ya uvivu, mataifa yaliyo katika njia panda. Ni picha zilizochorwa kwa ustadi mkubwa na zisizokumbukwa na mtu. Filamu ya Gertie ilinunuliwa na William Fox, ikaongezewa mwanzo mpya wa dau na karamu, na maneno ya bwana wake yakaandikwa katika vibao kati ya picha. Hiyo ndiyo iliyotufikia. Kwa hakika ni nusu ya kitu. Mnyama yupo, aliyekuwa akimwita hayupo.

Wakati huo huo wachora katuni wengine walikuwa wakiigeuza kazi hii kuwa kiwanda, na haki yataka isemwe kwamba nao walikuwa na hoja. Yasimuliwa kwamba mgeni mmoja alimwendea McCay akijidai mwandishi wa habari, naye McCay, ambaye hakuwa na choyo na siri zake, akamwonyesha kila kitu. Mgeni huyo alikuwa John Randolph Bray, mwenyewe mchora katuni, ambaye baadaye alijichukulia hataza za njia za namna hiyo, kisha akamshtaki McCay kwa kuzitumia. McCay hakushindwa, na kwa miaka kadhaa akapata mrabaha. Mwaka 1914 Earl Hurd, mchoraji mwingine, aliomba hataza ya kuchora viumbe juu ya karatasi angavu za seluloidi, mandhari ikalazwa chini mara moja. Kwa uvumbuzi huo kazi ya kijana Fitzsimmons, ya kunakili mlima maelfu ya mara, ilikwisha duniani. Nani atalalamika?

Lakini kilichofuata kilikuwa zaidi ya seluloidi. Kazi iligawanywa: mmoja huchora mwanzo na mwisho wa tendo, mwingine hujaza katikati, wa tatu hupaka wino, wa nne huosha seluloidi itumike tena. Jina la mchora katuni likawa alama ya biashara iliyobandikwa juu. Bud Fisher alijulikana kila mahali kwa katuni za sinema za Mutt na Jeff, ilhali zilichorwa na watu kama Raoul Barré na Charles Bowers. Krazy Kat wa George Herriman alipelekwa katika sinema na kampuni ya Hearst mwaka 1916, pasipo mkono wa Herriman, na anayempenda paka yule wa gazetini hatamtambua katika filamu hizo ila kwa jina.

Katika miaka hiyo McCay alikaa nyumbani usiku akichora kuzama kwa Lusitania. Meli hiyo ya Kiingereza ilipigwa kombora na nyambizi ya Kijerumani tarehe 7 Mei 1915, wakafa watu 1,198. Magazeti ya Hearst yalipinga Marekani kuingia vitani, na mchana McCay alichora picha za kuunga mkono maneno hayo. Usiku, kwa fedha zake mwenyewe, alichora maneno yake. Alitumia seluloidi, akasaidiwa na Fitzsimmons na rafiki mwingine, na michoro ikafika 25,000. Filamu ilipotoka Julai 1918 Marekani ilikuwa imekwisha kuwa vitani zaidi ya mwaka, na hapana aliyehitaji kushawishiwa. Chuki iliyo katika vibao vyake vya maneno imezeeka vibaya. Picha hazikuzeeka. Meli inainama polepole, moshi unatanda na kujikunja, watu wanadondoka ubavuni mwake wakiwa wadogo kama punje, mmoja mmoja, kisha wengi. Na mchoraji aliyezoea kuchekesha hakufanya hata mmoja wao aanguke kwa kichekesho. Fedha zilizorudi hazikuwa nyingi. Mwaka 1921 zilitolewa filamu zake tatu fupi za ndoto, naye akaacha kutoa nyingine. Alijaribu kumrudisha Nemo gazetini kati ya 1924 na 1926, lakini watoto waliompenda walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima.

Mwaka 1927 wachoraji wa katuni za sinema wa New York walimfanyia karamu ya heshima. Alikuwapo Max Fleischer, ambaye naye alianza maisha kwa kuchora katuni katika gazeti la Brooklyn. Husemwa kwamba McCay aliposimama kusema aliwafundisha kwanza mambo ya ufundi, wao wakiwa wamelewa na kupiga kelele. Akakasirika, akawaambia kwamba yeye aliianza kazi hii kama sanaa na wao wameifanya biashara, akawatakia bahati mbaya, akaketi.

Neno hilo limerudiwa sana na watu wanaopenda kuwalaumu wenye viwanda. Lakini huyo huyo Fleischer, miaka sita baadaye, katika kiwanda kilichojaa wagawanya kazi, alimtoa Popeye katika katuni ya gazeti ya E. C. Segar akamtia katika sinema kwa uchangamfu ambao mtu mmoja usiku nyumbani kwake hangeuweza katika miaka kumi. Na McCay mwenyewe aliwahi kugawanya kazi: mlima ulikuwa wa Fitzsimmons. Njia yake ya kuchora kwanza vituo vya tendo, kisha kujaza nusu na robo zilizo kati yake, ndiyo njia ambayo viwanda vilihitaji ili kuwagawia vijana kazi. Aliwapa ufunguo, kisha akawachukia kwa kuingia. Hata hivyo, hasira yake ilikuwa na kweli. Aliona kwamba Gertie alisita kabla ya kuinua mguu kwa sababu mkono mmoja uliochora mguu ulikuwa pia umechora kusita. Akaona kwamba watu wale, waliokuwa na deni la filamu ya kila wiki, hawakuwa na nafasi ya kusita.

McCay alifariki tarehe 26 Julai 1934. Filamu zake zilikabidhiwa baada ya miaka kwa rafiki wa mwanawe, nyingi zikiwa zimeanza kuoza makoponi, kama filamu za zamani zinavyooza, na nyingine zimekwisha kuwa vumbi. Katika ile michoro 10,000 iliyosemwa ya Gertie, imebaki kama 400. Mtu akiweka miwili inayofuatana pamoja akaitazama kwa taa, ataona kwamba shingo ya Gertie imesogea kidogo, kama ilivyokusudiwa. Ataona pia kwamba mlima umesogea kwa upana wa unywele, pasipo kukusudiwa, kwa sababu mkono wa kijana ulichoka au karatasi iliteleza. Na ndiyo sababu katika filamu nzima milima nyuma ya Gertie haitulii hata nukta moja.